Miche ya migomba ya tishu kalcha: ni kweli haipati unyanjano?

kibanja_cha_bibi:

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnieleweshe kitu, nimezunguka nacho kichwani wiki ya pili sasa.

Kwetu ni Muleba ila niko Dar kikazi. Bibi yangu ana kibanja chake cha migomba na kahawa, ndo kimetulea sisi wote mpaka ada za shule. Sasa tangu unyanjano, ule ugonjwa wa mnyauko wa migomba, uingie Kagera mwaka 2006 kile kibanja kimekuwa kinaliwa kidogo kidogo, leo ukisimama upande wa chini hakuna kitu, ni magugu tu na mikahawa imesimama yenyewe kama imefiwa. Mwaka juzi tukachukua machipukizi 40 kwa jirani, tukapanda, yakatoka vizuri majani mapana kabisa, bibi akawa anapita kila asubuhi kuyaangalia. Yalipobeba tu, ndizi zikaanza kuiva kabla ya wakati, nyingine njano nyingine kijani kwenye mkungu huohuo, ukikata ndani kahawia, ukikata mgomba wenyewe unatoa usaha wa njano. Tukang'oa yote.

Sasa kuna kijana ananiuzia miche ya tishu kalcha, anasema inazalishwa maabara ndani ya chupa na haipati ugonjwa wowote maisha yake yote. Maswali yangu sasa. Kwanza mgomba hauna mbegu, sasa humo kwenye chupa wanapanda nini? Pili, hiyo ya kutougua ni kweli au ni maneno ya biashara? Tatu kuna mzee kijijini anasema hizo ni GMO, yaani za kubadilishwa jeni, tusije tukamlisha bibi sumu. Na mwisho, nimeona video mtu anafanya jikoni kwake na presha kuka, je naweza kujitengenezea mwenyewe?

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Jembe:

Achana na madude ya chupa mkuu. Nimewahi kula hizo ndizi, ni kubwa kama mkono lakini ukitafuna kama unatafuna kitambaa. GMO hizo. Mababu zetu walikuwa na maabara gani?

Chupa_na_Kibanio:

Mzee wa Jembe shikamoo, ila hapo umechanganya mambo mawili, ntakuja kwako baada ya kumjibu mwenye uzi. Mimi kazi yangu ndo hiyo ya chupa, mwaka wa tisa huu, nimekaa mbele ya kabati la hewa safi mpaka mgongo unaniambia tafuta kazi nyingine.

Tuanze na unachouliza, kinapandwa nini. Tunachukua chipukizi, lile lenye majani membamba kama upanga, kutoka kwenye mgomba mama tuliouchagua na kuupima. Tunalimenya. Mgomba ule unaouona shambani sio shina, ni makuti ya majani yamekumbatiana, shina lenyewe ni lile tunguu la chini. Sasa ukimenya hayo makuti moja moja kama unamenya kitunguu, unafika katikati kabisa kuna kincha cheupe kinachochipua, ndicho kiini cha mgomba mzima. Tunakata kipande kama punje ya dengu kubwa na kitako kidogo cha tunguu. Kabla ya hapo kimeshaoshwa na maji ya bomba na sabuni, kikapita kwenye spiriti, kikalala kwenye Jik dakika kadhaa, kikasuuzwa mara tatu na maji yaliyochemshwa kwa presha. Kisu na kibanio unavipitisha motoni kila ukigusa kitu. Ukikohoa umeharibu. Ukipiga stori umeharibu.

Kipande kinaingia kwenye chupa yenye chakula. Chakula chenyewe ni chumvichumvi zenye madini yote ambayo mmea ungeyatafuta ardhini, vitamini kidogo, sukari gramu 30 kwa lita, na agari inayofanya igande kama jeli. Resipe yenyewe ni ya mwaka 1962, waliitengeneza Murashige na Skoog wakihangaika na tumbaku kule Marekani, mpaka leo dunia nzima inaanzia hapohapo. Halafu homoni. Hapo ndo siri ilipo. Ziko aina mbili tunazocheza nazo, moja inasukuma machipukizi na nyingine inasukuma mizizi, na Skoog huyohuyo na mwenzake Miller walionyesha 1957 kwamba ukibadilisha uwiano wa hizo mbili ndo unauamuru mmea utoe nini. Kwahiyo mwanzo tunaongeza ile ya machipukizi, kipande kinatoa vitoto pembeni, baada ya wiki nne hivi tunatoa tunatenganisha, kila kimoja chupa mpya, vinazaa tena. Kwa hesabu ya kwenye karatasi, kimoja kikitoa vitatu kila mzunguko, mzunguko wa sita una 729. Shambani chipukizi lako moja lingekupa wangapi kwa muda huo? Lakini ni karatasi hiyo, kuna zinazooza, kuna zinazokuwa nyeusi tu kwa utomvu wake zikafa (mgomba una utomvu mkali, ile inayochafua shati lako ndo inayotuulia vipande).

Vikitosha tunabadilisha chakula, tunaondoa homoni ya machipukizi tunaweka ya mizizi, na hapo ndo kinaanza kufanana na mgomba, kagomba ka urefu wa kidole.

Sasa la unyanjano. Huyo kijana anakudanganya, au kadanganywa na yeye. Mche wa chupa unakuja kwako bila unyanjano, bila fukusi, bila minyoo ya mizizi, hilo ni kweli kama maabara inafanya kazi yake. Lakini kinga haina. Ni mgomba uleule. Ukiupanda leo, kesho jirani akaja na panga lililokata mgomba mgonjwa akakusaidia kupunguza majani, umeupata kama mwingine yeyote.

Na kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi, chupa safi sio lazima mche safi. Chupa ikiwa na uchafu utaona ukungu au utando wa bakteria ndani ya siku chache, hiyo rahisi, unatupa. Virusi havionekani. Kama mgomba mama una virusi na mimi sijaupima, nitakuzalishia migomba 700 yenye virusi, imenyooka na inapendeza machoni. Ndo maana mama lazima apimwe kabla. Kwahiyo kijana wako muulize maswali mawili tu, mama alitoka wapi na alipimwa nini. Akianza kukuzungusha ujue.

GMO. Mzee wangu hakuna jeni iliyohamishwa hapa, ni kukata na kupanda, kama unavyokata kijiti cha muhogo, tofauti ni ukubwa wa kipande na usafi. Ila naelewa mkanganyiko unatoka wapi. Wanaofanya GMO ya migomba, kama watafiti wa Uganda waliojaribu kuweka jeni ya pilipili hoho ili ihimili unyanjano, nao ni lazima wapitie kwenye chupa ndo wapate mmea mzima. Kila GMO ya mgomba imepita chupani ila sio kila kilichopita chupani ni GMO. Na ladha mzee, uliyokula itakuwa Williams au Grande Naine, ndizi za kuiva za sokoni, zingekuwa na ladha hiyohiyo hata ungezipanda kwa chipukizi la babu. Ukinipa chipukizi la Enshakara, ile ndizi ya kupika ya huko kwenu, nakurudishia Enshakara.

Samahani kwa gazeti.

Mzee wa Jembe:

Marahaba kijana. Hapo kwenye muhogo nimekuelewa. Kwenye ladha bado nina kesi na wewe.

Mkulima wa Maragua:

Mimi niko Kenya, pande za Murang'a, na hizi tisyu kalcha kwetu si kitu kipya, zilianza kuletwa kwa wakulima miaka ya tisini na KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo wakati huo, Daktari Florence Wambugu akiwa mmoja wa walioisukuma sana hiyo kazi. Nitakuambia ya shambani, maabara nimeachia mwenyewe hapo juu.

Nilipanda 120. Mashimo futi mbili kila upande, mita tatu kwa tatu, mbolea ya ng'ombe debe mbili kila shimo, mambo ilikuwa poa. Zikatoka zote sawa, unaona ni kama zimepimwa na rula. Mimi nikajiona tajiri. Kosa la kwanza lilikuwa maji. Chipukizi la kawaida linakuja na tunguu lake kubwa, hiyo ni kama mtu anahamia na gunia la mahindi, jua likiwaka mwezi mzima bado linakula akiba. Hii ya tishu inakuja mikono mitupu, ina vimizizi tu na majani manne matano. Mvua ya vuli ilikatika mapema ule mwaka, nikapoteza kama thelathini kabla sijaanza kubeba maji na punda. Miezi mitano ya kwanza usiitoe macho, usipokuwa na maji usipande.

Kosa la pili hata sikulijua ni kosa. Kwa sababu zilipandwa siku moja na zote ni pacha, zilikomaa pamoja. Na jirani zangu walikuwa wamechukua kwa kitalu kimoja na mimi, wiki ileile. Sasa imagini, kijiji kizima kina ndizi mwezi mmoja, mabroker wakaja wakakaa kwa barabara wanangoja tu, wanajua zitaiva mikononi mwetu. Tuliuza bei ya kuchekesha. Siku hizi napanda kwa mafungu, arobaini, baada ya miezi mitatu arobaini.

Lakini ukiniuliza kama naweza rudi kwa machipukizi ya jirani, hapana. Shamba la zamani lilikuwa na fukusi mpaka mgomba unaanguka na mkungu wake usiku ukisikia puh. Hizi za tishu zilikaa miaka kabla nione fukusi wa kwanza.

kibanja_cha_bibi:

Asanteni sana wakuu, nimesoma mara mbili. Chupa_na_Kibanio swali dogo, hivi kutoka kwenye chupa mche unapelekwa shamba moja kwa moja? Maana huyo kijana anasema naweza kuchukua za chupani kwa bei ya chini nikazipande mwenyewe, za kwenye viriba ni ghali.

Chupa_na_Kibanio:

Usithubutu. Hapo ndo watu wanalia.

Kagomba ka chupani hakajawahi kuona upepo. Humo ndani hewa ina unyevu karibu wote, jua ni taa, chakula kinakuja na sukari tayari. Kwahiyo majani yake hayana ile nta ya juu inayozuia maji kupotea, na vile vitundu vya kupumulia havijui kufunga. Ukikatoa nje saa nne asubuhi, saa sita kamelala kama mboga iliyochemshwa. Nimeona kwa macho yangu, mteja mmoja alibisha akachukua chupa 50, kesho yake akapiga simu analalamika tumemuuzia miche mibovu.

Inavyofanyika, unakatoa taratibu, unaosha ile jeli yote kwenye mizizi na maji ya uvuguvugu, jeli ina sukari na ukibakiza kidogo tu ukungu unakuja kula sukari na mizizi inaliwa pamoja. Unapanda kwenye udongo mwepesi uliochemshwa, unafunika na nailoni, unyevu uwe juu kabisa, kisha kila siku chache unafunua kidogo zaidi. Halafu kwenye kiriba chini ya shedineti. Wiki sita mpaka nane hivi ndo unaweza kuongea habari za shamba, kawe na futi moja na majani matano mapya yaliyotokea nje, sio yale ya chupani. Pesa ya kwenye kiriba unalipia hiyo kazi.

Kitu kingine ukienda kuchagua. Ukikuta kwenye kitalu mche mmoja mfupi mnene, majani yamebanana, umekaa kama ngumi, au jani limekunjamana na mabaka, uache. Kukata na kuzalisha mara nyingi kunaleta wanaoachana na mama yao. Vifupi ndo vingi zaidi kwenye migomba. Ndo maana sisi hatuendelezi kipande kimoja milele, mara nane hivi tunasimama tunaanza na chipukizi jipya. Wenye tamaa wanaendelea. Wenzetu wa michikichi kule Malaysia walilia zaidi, walizalisha kwa chupa, ikapandwa mashambani, miaka imepita ndo wanaona maua yameharibika hayatoi matunda ya maana, na chanzo chake kikaja kuelezwa vizuri 2015. Mgomba angalau utajua ndani ya mwaka na nusu.

Madafu255:

Mie naongelea ile ya presha kuka maana nimejaribu 😂 Niko Tanga, sio mkulima, napenda maua tu. Nikasema mbona rahisi, presha kuka ninayo, Jik ninayo, agari nikanunua duka la vitu vya keki, sukari ya mezani, na madafu. Madafu sio utani jamani, watafiti walishagundua tangu 1941 kwamba maji ya nazi yanaamsha vichanga vya mimea kwenye chupa, yana homoni yake humo. Nikatengeneza boksi la plastiki lenye matundu mawili ya mikono, nikavaa glovu, dua nikasoma.

Chupa 24. Siku ya tatu 5 zina manyoya. Siku ya saba zimebaki 6. Wiki ya pili nilibaki na 2, na hizo mbili sisimizi walipenya kwenye foili wakamaliza sukari. Kosa langu kubwa nadhani ni kwamba presha ilikuwa inapuliza nikahesabu dakika tangu nilipowasha jiko badala ya tangu ipige kelele, inatakiwa dakika 15 mpaka 20 ikiwa imeshafika moto wake wa nyuzi 121. Na feni ilikuwa inazunguka. Tanga bila feni mtu utakufa lakini feni inabeba vumbi lote la mtaa.

Sasa nina chupa 3 za okidi zimefika miezi miwili nazilinda kama mtoto. Ila mkuu mwenye uzi kwa migomba ya kibanja kizima usiende huko, bibi atasubiri mpaka wajukuu wazae.

Na kichekesho, madafu yanasaidia mimea ya watu wote ila mnazi wenyewe kuuzalisha kwenye chupa ni kazi ngumu mpaka leo. Mganga hajigangi.

Chupa_na_Kibanio:

Dada Madafu umenichekesha, chupa 2 kati ya 24 jikoni sio mbaya hata. Sisi tuna mashine ya mamilioni na mwaka juzi umeme ulikatika katikati ya kuchemsha, mtu akaona muda umefika akatoa, chupa 400 tukazika shimoni nyuma ya jengo.

kibanja_cha_bibi kama unataka ya kufanya mwenyewe iko njia ya katikati. Unachukua tunguu zima, unalimenya hadi liwe jeupe, unakata ncha ya kati kwa msalaba ili isikue, unalifukia kwenye boksi la maranda ya mbao yaliyochemshwa, unafunika na nailoni. Wiki tatu mpaka tano vichipukizi vinatoka pembeni, unavikata tena msalaba, vinatoa vingine. Sio mamia, ila tunguu moja linakupa makumi. Na kama una fukusi na minyoo, tunguu lililomenywa ukilichovya kwenye maji yanayochemka sekunde 30 tu, wanakufa na tunguu halifi. Lakini sikiliza, hii haiondoi unyanjano wala virusi. Tunguu litoke shamba ambalo ni safi kwelikweli. Kwa kibanja cha bibi kwa hali uliyoeleza, hapana.

Na kabla hujapanda chochote kile kiraka kipumzike bila mgomba hata miezi sita, uhakikishe hakuna tunguu lililobaki linachipua chinichini, panda maharage humo. Bahati yenu bakteria wa unyanjano hakai ardhini muda mrefu, ingekuwa mnyauko wa Panama ungeongea habari za miongo. Ua dume likatwe na kijiti chenye panda, sio panga, mara tu kichane cha mwisho kikitoka. Panga lichomwe moto au Jik kila mgomba. Ukiona mmoja umeugua kata huo mmoja chini kabisa, sio lazima ung'oe shina lote na machipukizi yake kama mlivyofanya, mara nyingi ndugu zake bado wazima.

kibanja_cha_bibi:

Hapo pa mwisho pameniuma, tuling'oa 40 zote 😔

Nimempigia bibi nikamsomea huu uzi nusu saa, salio limeisha. Kijana wa miche nimemuuliza mama alitoka wapi na alipimwa nini, ameniambia "bosi wewe unataka miche au unataka cheti". Nimeachana nae. Kingine, maabara mbili nilizowasiliana nazo zina Williams na Mzuzu tu tayari, Enshakara wanasema wanafanya kwa oda na wana kiwango cha chini ambacho kwa kibanja chetu ni kikubwa mno.

Mkulima wa Maragua:

Si mjiunge. Sisi tulikuwa watu kumi na wawili, oda moja.

Chupa_na_Kibanio:

Ndo hivyo. Na ongeeni na Maruku, kituo cha utafiti wa kilimo hapo Bukoba, watu wa migomba wako pale, wawasaidie kupata mama. Oda ya aina ya kienyeji anza kuhesabu karibu mwaka tangu chipukizi liingie mpaka kiriba kitoke, msije mkatulilia mwezi wa nne.

kibanja_cha_bibi:

Sawa wakuu. Kama kuna mtu wa Muleba, Bukoba Vijijini au Misenyi anataka Enshakara aje PM tuunganishe oda, mpaka sasa tuko watatu na mmoja ni mchungaji. Williams hapana, bibi amesema nikileta Williams nitaila mwenyewe jikoni peke yangu.

Mzee wa Jembe:

Niandike wa nne. Niko Kamachumu. Ila ladha nitaionja kwanza.